Mkitaka Gemu Zetu, Tufungulieni Duka Kwanza

Aprili 23, 2024 ilitoka gemu inayoitwa Tales of Kenzera: Zau. Kama ilikupita, wacha nikupe mdokezo. Ni hadithi ya mganga kijana, Zau, anayefanya mapatano na mungu wa kifo ili arudishiwe babake. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na wazo lenyewe lilitokana na uchungu wa kufiwa na babake mzazi. Kilichotusisimua wengi huku Pwani ni hiki: unaweza kuicheza mwanzo hadi mwisho kwa sauti za Kiswahili. Kiswahili chenyewe, si maneno mawili matatu ya kupamba.

Siku hiyo hiyo gemu iliwekwa ndani ya PlayStation Plus, ile huduma ambayo unalipia na kupata gemu kibao. Mteja wa London au Chicago aliyekuwa na kifurushi kinachofaa aliipakua bila kuongeza hata senti. Na wewe wa Kinondo, wa Ukunda, wa Msambweni? PlayStation Plus haikuwa ikiuzwa rasmi kwako. Kenya haikuwa katika orodha ya nchi ambazo Sony huruhusu mtu kufungua akaunti ya PlayStation Network. Kusini mwa Sahara, nchi iliyokuwemo ni Afrika Kusini.

Yaani mtoto aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni ilibidi aiambie mashine kwamba anaishi Uingereza ndipo imruhusu kumsikia Zau akiongea lugha ya kwao.

Simlaumu Salim hata kidogo. Gemu yake ilipatikana pia kwa Xbox, Nintendo Switch na kompyuta, kwa hivyo yeye hakumfungia mtu nje. Lakini kisa hiki kinafaa kutufungua macho kuhusu jambo ambalo vijana wanaojifunza kutengeneza gemu huku kwetu watakutana nalo siku moja: mkataba wa kufungiwa. Na nina msimamo juu yake. Pahali ambapo kampuni haina duka, mkataba wake wa kufungia gemu usiwe na nguvu hapo.

Kufungiwa ni nini hasa

Konsoli ni zile mashine za kuchezea gemu: PlayStation ya Sony, Xbox ya Microsoft, Switch ya Nintendo. Kila kampuni inataka ununue mashine yake na uache ya jirani. Njia rahisi ya kukuvuta ni kuwa na gemu isiyopatikana kwingine. Gemu nyingine kampuni inajitengenezea yenyewe, na hapo hakuna wa kulalamika. Mpishi hawezi kulazimishwa kuuza biriani yake katika hoteli ya mwenzake.

Mambo hubadilika kampuni inapoenda kwa mtengenezaji huru, mtu mmoja au kikundi cha watu watano wasio na tajiri nyuma yao, na kumwambia: tutakupa pesa, tutakutangaza, lakini gemu yako itoke kwetu tu. Pengine kwa miezi sita, pengine mwaka, pengine milele. Huo ndio mkataba wa kufungiwa.

Mtu wa Pwani ya Kusini hahitaji chuo ili aelewe jambo hili. Mimi mwenyewe chuo niliacha njiani, na hili nililielewa kwa kutazama wavuvi. Nenda Gazi au Msambweni vyombo vinaporudi. Mvuvi asiye na chombo huenda kwa tajiri. Tajiri humpa mtumbwi, nyavu, pengine na injini. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, humkopesha hata pesa ya unga. Sharti ni moja: samaki uuze kwake, kwa bei yake. Siku hoteli za Diani zikitoa bei nzuri zaidi, wewe unatazama tu.

Tajiri si mtu mbaya. Bila yeye wengine wasingeingia baharini kabisa. Lakini hata tajiri samaki wake wanafika sokoni hapa hapa. Mama karanga bado anapata wake wa kukaanga jioni na kijiji kinakula. Mkataba wa konsoli kwa nchi kama yetu ni mkali kuliko huo, manake unampa mvuvi wa hapa nyavu, halafu samaki wote wanapandishwa ndege na kijiji hakionji hata kichwa.

Mchezo huu ulianza zamani

Watu wengine hudhani kufungiwa ni jambo la juzi. Miaka ya themanini Nintendo ilikuwa imeshika soko la Marekani kiasi kwamba kampuni iliyotaka kutengenezea mashine yake gemu ilikubali kutoa zisizozidi tano kwa mwaka, na kutozipeleka kwa mashine nyingine kwa miaka miwili. Ndani ya mashine kulikuwa na chipu iliyokataa kaseti yoyote isiyo na ruhusa. Uchukue hivyo ama uache.

Wakati wa intaneti ulipofika, watengenezaji wadogo walidhani wamepata uhuru. Haikuwa hivyo moja kwa moja. Agosti 2013 Microsoft ilizindua mpango wa ID@Xbox wa kuwasaidia watengenezaji huru kutoa gemu kwa Xbox One. Mpango mzuri, ila ulikuja na sharti: ukitoa gemu kwa konsoli ya mshindani kwanza, usitarajie kuileta Xbox baadaye hivi hivi. Ama utoe kote siku moja, ama uje na kitu kipya cha ziada.

Kwa kampuni ya watu 200 hilo si tatizo. Kwa watu wawili wanaofanya kazi sebuleni ni mlima. Kuhamisha gemu kutoka mashine moja hadi nyingine ni kazi ya miezi, na watu wawili hufanya moja, wakapata pesa, ndipo wakafanya ya pili. Sharti lile liliwaambia wasio na pesa wafanye kama wenye pesa. Kelele zilipigwa, na baadaye sharti likalegezwa. Kumbuka neno hilo: kelele zilipigwa. Masharti haya hayakuandikwa na Mungu. Yaliandikwa na watu, na watu wakibanwa huyafuta.

Kuna pia kisa cha Fez. Ilitoka Aprili 2012 ikiwa imefungiwa Xbox 360. Ilikuwa imetengenezwa na kikundi kidogo cha Canada kinachoitwa Polytron. Apdeti yao ikaleta hitilafu iliyoharibu kumbukumbu za baadhi ya wachezaji. Kurekebisha kosa lile kulihitaji kupitishwa upya na Microsoft, na Polytron walisema gharama yake ingekuwa makumi ya maelfu ya dola. Walisema hawana. Hitilafu ikaachwa ilivyo. Kwa kompyuta ungerekebisha usiku huo huo, bure. Mwaka uliofuata, 2013, Microsoft ikaondoa ada hizo za apdeti. Lakini waone hao jamaa: gemu ni yao, kosa wanalijua, dawa wanayo mkononi, na mlango una mwenyewe.

Upande wa pili wa shilingi

Sasa nisije nikaonekana naimba wimbo mmoja. Kufungiwa kumeokoa watu pia.

Chad na Jared Moldenhauer ni ndugu wawili wa Canada. Walitaka kutengeneza gemu inayofanana na katuni za miaka ya thelathini, kila picha ichorwe kwa mkono. Waliacha kazi zao, wakaweka nyumba rehani. Cuphead ilitoka Septemba 2017 kwa Xbox One na kompyuta, Microsoft ikiwa nyuma yao kuitangaza. Katika wiki mbili hivi iliuza nakala milioni moja. Halafu Aprili 2019 ikaingia Switch, na Julai 2020 ikaingia PlayStation 4. Huo ndio mkataba unaoleweka. Ulikuwa na mwanzo, ukawa na mwisho, na wenye gemu walibaki nayo.

Tazama pia kisa cha Ooblets mwaka 2019. Watu wawili tu ndio waliokuwa nyuma ya gemu hiyo. Duka la kompyuta la Epic Games, lililofunguliwa Desemba 2018, lilitaka gemu iuzwe kwake kwanza, na likawahakikishia kiasi fulani cha pesa hata kama mauzo yangekuwa mabaya. Wakakubali. Wachezaji wakawashambulia mitandaoni kwa matusi na vitisho visivyo na mfano.

Mimi siwezi kuwatupia jiwe. Fanya hesabu. Steam kwa kawaida huchukua asilimia 30 ya mauzo, Epic ilisema itachukua 12. Kwa gemu ya shilingi 1,000, moja inakukata 300, nyingine 120. Juu ya hapo unahakikishiwa kwamba kodi ya nyumba italipwa mwaka huu. Nani angekataa? Mwenye njaa haulizwi kwa nini amekula.

Kwa hivyo ukiniuliza kama kufungiwa ni haramu, jibu langu ni hapana. Ni biashara. Swali ni nani anafungiwa nje, kwa muda gani, na amelipwa nini.

Ukweli wa huku kwetu

Hapa ndipo makala nyingi za ughaibuni hazifiki. Mtu wa Marekani akisikia gemu imefungiwa PlayStation, shida yake ni kwamba yeye ana Xbox. Anaweza kuudhika, anaweza kwenda dukani akanunua. Ana njia.

Sisi tuko vipi? PlayStation 5 ilipozinduliwa mwishoni mwa 2020 bei yake Marekani ilikuwa dola 499. Kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni karibu 65,000, kabla hujaongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Ndiyo maana wengi wetu tunachezea kwa base, pale kwa PS, unalipia mechi ama unalipia saa, mmoja anatoka mwingine anaingia, huku wenye kusubiri wakipiga kelele kuliko wachezaji. Na akaunti zilizomo ndani ya mashine hizo zimesajiliwa wapi? Marekani. Uingereza. Dubai. Sisi sote ni wakazi wa nchi ambazo hatujawahi kuzitia mguu.

Mwezi Mei 2024 dunia nzima iliona jambo ambalo sisi tumeishi nalo miaka yote. Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwa kompyuta ni lazima wawe na akaunti ya PlayStation Network. Shida ni kwamba gemu ilikuwa imeuzwa hata katika nchi ambazo akaunti hizo hazitolewi. Ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170, Kenya na Tanzania zikiwemo. Wachezaji wakachachamaa, malalamiko yakamiminika, na ndani ya siku chache Sony ikaondoa sharti hilo la akaunti.

Hebu fikiria hilo kwa jicho la mtengenezaji. Ikiwa gemu yako imefungiwa mashine ambayo haina duka nchini mwako, basi mamako hawezi kuinunua kihalali. Mwalimu aliyekufundisha hawezi. Jamaa wa base aliyekuruhusu kuijaribu gemu yako bado ikiwa mbichi hawezi. Umeuza kazi yako kwa dunia yote isipokuwa kwenu.

Kijana wa Kinondo na mkataba wake

Tulete jambo hili nyumbani kabisa. Tuseme kuna msichana hapa Kinondo, ana laptopu ya mitumba na bundles za kuhesabu. Anajifunza Godot, programu ya kutengeneza gemu ambayo ni ya bure kabisa. Anaamua gemu yake itahusu Kaya Kinondo, ule msitu wetu mtakatifu wa Wadigo, ambao una lango, una wazee, na una sheria zake. Mgeni anafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na hawezi kuchuma hata jani. Hebu niambie kama hiyo haitoshi kuwa gemu. Msitu unaokujua ukikosea adabu!

Kuiweka gemu hiyo kwenye Google Play atalipa dola 25 mara moja tu, kama shilingi 3,250. Kuiweka Steam ni dola 100 kwa kila gemu, kama 13,000. Inauma lakini chama kinaweza kumsaidia. Konsoli ni hadithi nyingine. Lazima kampuni imkubali kwanza kama mtengenezaji, atie sahihi ya kutunza siri, apate mashine maalum ya majaribio. Ndiyo maana wenzetu wengi walianzia kwingine. Nairobi X, gemu ya risasi iliyotengenezwa na Black Division Games ya Nairobi mwaka 2015, haikuanzia konsoli. Leti Arts, iliyoanzishwa na Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia, iliwekeza nguvu zake kwenye simu. Walienda walipo watu.

Sasa siku moja barua pepe inafika. Kampuni kubwa imeona video ya gemu ya Kaya mtandaoni. Inataka iwe yake peke yake. Pesa iliyotajwa hajawahi kuiona hata kwa ndoto. Afanyeje?

Kwanza aangalie kama kile anachokiuza ni chake chote. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Kaya Kinondo imo. Kenya pia ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Inatambua kwamba hadithi kama hizi ni mali ya jamii, na anayetaka kuzifanyia biashara anahitaji ridhaa ya wenyewe. Msichana wetu anaweza kuuza kodi za programu alizoandika, picha alizochora, muziki alioupiga. Hawezi kuuza msitu. Hawezi kusaini karatasi inayosema hakuna mwingine duniani wa kutengeneza gemu ya Kaya. Na itakuwa aibu ya mwaka wazee wakiambiwa kuna gemu juu ya kaya yao, watu wa Osaka wanaicheza, lakini wao na wajukuu wao hawaruhusiwi.

Pili, akumbuke kwamba gemu na haki ya gemu ni vitu viwili. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kuhamisha hakimiliki kwa mtu mwingine kunahitaji maandishi. Maana yake hakuna anayekuchukulia kazi yako kwa maneno ya simu, lakini pia ukitia sahihi bila kusoma, umetoa. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, iko kwa ajili ya kusajili kazi kama hizi. Sajili mapema, kabla ya barua pepe kufika.

Tatu ndilo ninalolipigia debe leo. Adai kile ninachokiita kifungu cha nyumbani. Kiandikwe wazi: gemu hii imefungiwa mashine yenu katika nchi ambazo mna duka rasmi. Nchi ambayo hamuuzi, mtengenezaji yuko huru kuuza kwa simu, kwa kompyuta, kwa njia yoyote. Siku mkifungua duka Kenya, tutakaa tuzungumze upya.

Ongeza na muda. Mwaka mmoja unaeleweka. Milele ni utumwa wa hiari. Na gemu ya pili, wahusika, filamu, fulana, vyote vibaki kwa aliyevibuni.

Watakaopinga

Najua majibu yatakuja kwa comments, wacha niyatangulie.

Kuna atakayesema, "Wewe unaota, soko la Kenya ni dogo, hakuna kampuni itajali." Sawa. Kama ni dogo hivyo, basi kutuachia hakuwagharimu kitu. Huwezi kuniambia shamba halina thamani na papo hapo unalizungushia ua. Chagua moja.

Kuna atakayesema, "Wakenya hawalipii gemu, wanapakua za wizi." Mimi nasema nenda base yoyote Ukunda siku ya Jumamosi uhesabu sarafu. Kijana analipa, tena kila wiki. Google Play inakubali M-Pesa na watu wananunua vitu ndani ya gemu za simu kila siku. Mtu hulipa palipo na dirisha la kulipia. Ukimnyima duka halafu umwite mwizi, hapo mwenye makosa ni nani?

Na kuna mwenye hoja nzito kuliko hizo: "Maskini hana nguvu ya kudai vifungu. Akibisha atapoteza mkataba wote." Hili nalikubali nusu. Mtu mmoja hana nguvu. Lakini kifungu cha nyumbani ni kitu rahisi kumpa, kwa sababu hakigusi pesa ya kampuni hata shilingi moja. Hakuna mteja wao wa Kenya wa kupoteza, manake rasmi hawana. Na wakidai wengi, kinakuwa kawaida. Sharti la Xbox halikulegezwa na mtu mmoja. Helldivers haikushinda kwa barua moja.

Tena usidhani mlango mkubwa ndio usalama. Studio ya Salim, Surgent, ilikuwa na EA nyuma yake, ilikuwa kwenye kila konsoli, ilikuwa ndani ya PlayStation Plus siku ya kwanza. Miezi mitatu baadaye, Julai 2024, ikaanza kupunguza wafanyakazi. Tango Gameworks ya Japani ilitoa Hi-Fi Rush, iliyosifiwa kila kona na kumilikiwa na Microsoft yenyewe, na Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio. Surgent ilipata pumzi tena kwa kutafuta mshirika mwingine: mwaka 2025 ilitoa Dead Take ikisimamiwa na Pocketpair, Wajapani waliotengeneza Palworld. Iliweza kwa sababu ilikuwa na pa kugeukia. Studio iliyofungwa mikono na miguu ingegeukia wapi?

Kitu kingine cha kuchekesha ni kwamba hawa wakubwa wenyewe wameanza kuchoka na kuta zao. Februari 2024 Microsoft ilitangaza kwamba gemu zake nne, Hi-Fi Rush, Pentiment, Sea of Thieves na Grounded, zitapelekwa kwa mashine za washindani. Kutengeneza gemu kumekuwa ghali mno, wateja wa mashine moja hawatoshi kulipia. Ikiwa kampuni yenye mabilioni inaona ukuta unaikosesha wateja, kijana wa Kinondo asijengewe ukuta huo huo aambiwe ni baraka.

Tunachotaka

Kwa Sony, Microsoft na Nintendo: hatuombi sadaka. Mmeanza kutafuta hadithi za Afrika, na mnafanya vizuri, tunazo tele. Lakini huwezi kuchukua sauti yetu ukaiuza mahali ambapo sisi hatuwezi kuinunua. Fungueni duka Kenya, malipo yapitie M-Pesa, mtu asajili akaunti akiwa mkazi wa Kwale bila kujifanya wa Manchester. Kabla hamjafanya hivyo, msituletee mkataba unaofunga hata huku.

Kwa serikali ya kaunti na ya taifa: kila mwaka tunasikia uchumi wa dijitali, uchumi wa ubunifu. Basi mwekeni wakili mmoja, mmoja tu, ambaye kijana mwenye mkataba wa kurasa 40 za Kiingereza cha mahakama anaweza kumwendea bila kulipa. Kituo cha kompyuta bila mtu wa kukusomea mkataba ni kumfundisha mtu kuvua na kumwacha bila mizani.

Na kwako wewe unayesoma hapa saa hii, unayejifunza Godot usiku bundles zikiwa bei rahisi: anza na simu. Watu wako wako kwenye simu. Gemu yako ikipendwa Ukunda, ikichezwa kwenye matatu ya Likoni hadi Lunga Lunga, ikibishaniwa mashuleni, basi siku barua pepe ya wakubwa ikifika hutakuwa mwombaji. Utakuwa na wateja. Na mwenye wateja akiulizwa, "Unaweza kutufungia gemu hii?" anaweza kujibu kwa utulivu: "Naweza, kwa mwaka mmoja, kwa bei hii, na Kenya haimo."

Wakicheka, waache wacheke. Wakiuliza kwa nini Kenya haimo, waambie wafungue duka ndipo mzungumze.